Swali la Dirishani

Nakumbuka asubuhi moja Kisauni, miaka ya tisini ikianza. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu, na jambo silikubali mpaka niulize mbona. Zahanati ilikuwa imeletewa kompyuta, ikawekwa dirishani, mbele ya foleni. Mimi ndiye niliyeandika majibu ya wagonjwa. Aliyetunga programu, Bwana Kassim, alisimama nyuma yangu. Kila mgonjwa nilimuuliza jina, kisha, "Waumwa nini?" Asipojibu, mashine haikutoa tiketi.

Zamani, mwanangu, mwanamke alipita ubavuni mwa jengo akamnong'oneza muuguzi. Sasa alijibu huku shemeji na majirani wamemsimamia kisogoni.

Wanawake wote wakawa wanaumwa na kichwa.

"Takwimu safi," akasema Bwana Kassim.

"Safi vipi? Kisauni nzima vichwa tu?"

"Wewe andika, dada. Maswali ungeyamaliza chuoni."

Akafika shangazi yangu mdogo, Mwanaisha, mjamzito. Nikamwamkia. Akaitika marahaba kwa sauti ya chini, akamtupia jicho baba mkwe wake aliyekuwa nyuma yake. "Kichwa, mwanangu." Tiketi ya kichwa ilimpeleka mtu moja kwa moja kwenye dawa, bila kumwona muuguzi. Alipogeuka nikaona mkono haumtoki tumboni. Nikaacha kiti, nikamfuata, nikamuuliza sikioni.

"Natoka damu," akasema. "Tangu jana."

Nikampeleka mlango wa nyuma. Bwana Kassim akatuzuia. "Tiketi yake ni ya dawa. Abadilishe kwanza, aseme pale dirishani. Mashine haikubali aende kwa muuguzi bila jibu jipya."

"Haikubali mashine, au hukubali wewe?"

Tukampita. Muuguzi akamlaza shangazi, na mtoto akanusurika, alhamdulillahi. Mtoto huyo ndiye Mama Salma anayekutania kila Idi. Mchana ule nikalifuta swali lile kwenye programu. Nikafukuzwa, nikaambiwa sina adabu. Huenda ni kweli, hata leo sijaamua.

Nawe sasa wasomea kazi hiyo hiyo ya Bwana Kassim, ya kutunga programu. Kabla hujaweka swali, kasimame kwenye foleni uone nani mwingine analisikia jibu. Majibu yote yakifanana, usifurahi upesi; uliza watu wanaficha nini, na nani kawalazimisha. Hata haya yangu yahoji, sitakasirika. Mola akujaalie utunge kitu ambacho mama yako ataweza kukitumia bila kusema uongo.