Ufito Unaopinda

Leo sokoni Uyole nimepita penye mianzi mibichi, na harufu yake ikanirudisha kwenye mfereji wa mashamba ya mpunga kule Ubaruku, nilipokuwa mtoto. Mama alikuwa mgonjwa, hataki kula chochote, akitamani mchuzi wa perege tu. Nikaenda kuvua na shangazi. Nilichagua ufito wa mwanzi ulio mnene kuliko zote. Perege akauma, nikavuta kwa nguvu, mdomo wake ukachanika, akapotea majini. Nikalia.

Shangazi akanipa ufito wake mwembamba.

“Huo wako mgumu, mwanangu. Huu unapinda. Mwache avute, atachoka mwenyewe.”

Perege mwingine akauma, ncha ikainama hadi ikagusa maji, nami nikamwacha avute. Kisha akaja taratibu, aking'aa juani.

Jioni mama aliketi kitandani, akanywa mchuzi wote, akaninyooshea bakuli nimwongezee.