Bukavu wakati wa vita: nilichagua graphics card kwa wivu

Wakuu, salaam kutoka Bukavu.

Nimesoma ule ubishi wenu wa kijani na nyekundu kurasa zote, na sijaona aliyetaja sababu iliyonifanya mimi nichague. Nitaieleza kwa mpangilio, bila kujipamba. Majina ya kampuni mbili za graphics card nayaacha, mnajua kijani ni nani na nyekundu ni nani. Maongezi nayaweka kwa Kiswahili chetu cha huku, mtaelewa tu.

Ilikuwa ile vita ya pili ya Kongo. Mji ulikuwa mikononi mwa waasi, na sisi vijana wa mtaa wa Nguba tulikuwa tunamaliza secondaire.

Papa alifanya kazi kwenye ofisi ya NGO. Ofisi ilipobadilisha computer, moja ya zamani ikaja nyumbani. Ilikuwa ya kwanza kwenye avenue yetu.

Sasa eleweni jambo moja. Siku za ville morte mji wote unafungwa kwa mgomo: hakuna shule, hakuna soko, hakuna gari. Vijana mnajikusanya nyumba moja tangu asubuhi. Nyumba hiyo ilikuwa yetu. Maman anachemsha mihogo, sisi tunapokezana game ya magari.

Waliniita Chef, yaani mkubwa wao. Nililipenda hilo jina, siwafichi.

Halafu Hamisi akapata computer.

Hamisi alikuwa rafiki yangu tangu primaire, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Familia yao ni Waislamu wafanyabiashara, asili yao pwani, walipitia Uvira. Baba yake mdogo alikuwa anakwenda Dubai kuleta vitambaa. Safari moja akaleta computer mpya, na ndani yake graphics card ya kijani, ile kadi inayochora picha za skrini.

Nilikwenda kuiona. Game ilikuwa ile ile. Lakini kwangu magari yalikuwa kama vipande vya sabuni. Kwa Hamisi uliona mawingu yakipita juu ya boneti, na matope yakirukia kioo.

Trésor, mcheshi wetu, akapiga kelele: "Eh! Kumbe siku zote tulikuwa tunaendesha mu giza!"

Wote wakacheka. Nami nikacheka, kwa meno tu.

Ville morte iliyofuata, hadi saa nne asubuhi hakuna aliyebisha hodi kwetu. Nilisimama dirishani nikisikia vicheko vya nyumba ya tatu.

Maman akauliza: "Benzako bako wapi leo?"

Nikasema labda wanaogopa kutoka. Barabara ilikuwa tulivu kabisa.

Hamisi mwenyewe hakuringa, na hilo ndilo liliniuma zaidi. Jioni alipita kwetu: "Chef, mbona hukuja? Tulikungojea." Nikaona ananidhihaki.

Nilipofaulu examen d'État, mtihani wa kumaliza secondaire, papa akaniuliza nataka zawadi gani. Nikasema carte graphique, graphics card yangu mwenyewe.

Hamisi aliposikia akaniambia: "Chukua ya kijani kama yangu. Kitu kikisumbua, tutasaidiana."

Mimi sikusikia msaada hapo. Nilisikia: njoo uwe wa pili.

Ofisini kwa papa kulikuwa na magazeti ya computer ya Kifaransa. Nilikaa nayo wiki nzima nikitafuta sababu ya kununua nyekundu. Nikazipata: rangi nzuri zaidi, video laini zaidi. Mtu akishaamua kwa wivu, ushahidi hautamkosa.

Kadi ilipatikana Bujumbura. Jirani yetu, Maman Furaha, alikuwa anakwenda huko kuchukua pagne, vile vitenge vya kuuza, papa akamtuma. Alirudi kwa njia ya Uvira, akakatiza uwanda wa Ruzizi. Pale Luvungi askari wa kizuizi wakafungua mizigo yote.

Alinikabidhi boksi akicheka kwa ushindi.

"Mutoto wangu, nimepigana! Askari alikamata ile CD ya mu boksi, akauliza: hii ni ndombolo? Nikamwambia, ndiyo papa, ni ndombolo ya mupya, beba ucheze na wenzako! Ile chuma ingine nikasema ni kipande cha radio ya kuharibika. Akaniachia!"

Nilimshukuru kwa adabu zote.

CD ile ndiyo iliyokuwa na driver.

Kwa wageni wa mambo haya: bila driver, yaani programu ya kuiendesha kadi, kadi inakupa rangi chache na herufi kubwa kama za bango. Game haifunguki kabisa. CD ya Hamisi ilikuwa ya kijani, nyekundu haiitambui. Cyber ya internet niliyoijua, download ilikuwa inakatika kabla ya kufika robo.

Ningenunua ya kijani, ningetembea nyumba tatu na kurudi na driver mkononi.

Nikaficha, ingawa Maman Furaha alishasimulia kisa cha CD avenue nzima. Wiki na wiki mlango wa chumba umefungwa.

Trésor hakuniacha: "Chef, ile carte yako iko mu noviciat kama masista? Hata kwa misa ya dimanche haitoke?"

"Iko inajiinstall."

"Tangu Assomption, mwezi wa munane?"

Hamisi hakucheka. Siku moja alinivuta pembeni akaniuliza jina kamili la kadi, lile la kwenye boksi. Nilimtajia kwa mkato, nikiamini anataka kulinganisha na yake.

Zaidi ya mwezi ukapita. Ijumaa moja akasimama mlangoni na CD mbili. Baba yake mdogo alikuwa Dubai, Hamisi akamtuma azunguke madukani.

"Anza na hii. Ikikataa, jaribu ya pili. Mimi nawahi msikitini."

Ya pili ilikubali. Na rangi, wakuu, kweli zilikuwa nzuri kuliko zake.

Ville morte ikaja, salon yetu, yaani sebule, ikajaa. Trésor akashika kichwa: "Chef! Driver ulitoa wapi?"

Hamisi alikuwa ameketi hapo hapo, kwenye mkono wa kiti.

Nikajibu: "Ofisini kwa papa. Wazungu wao ndio walileta."

Hakuna aliyenilazimisha. Nilitaka tu hiyo siku iwe yangu nzima.

Hamisi hakuniangalia, aliangalia skrini. Akanipongeza: "Félicitations." Zamu yake ilipofika akaendesha, akagonga ukuta kwenye kona rahisi, akaaga kwamba anahitajika nyumbani.

Hatukugombana. Tulisalimiana barabarani hadi familia yao iliporudi Uvira. Ila kwetu hakukanyaga tena.

Salon iliendelea kujaa. Nami nilikuwa na wivu bado, safari hii si wa kadi. Ni wa mtu anayeweza kumtafutia mwenzake kitu mpaka Dubai, asikie sifa zinapewa mwingine, na asiseme neno.

Funzo langu kwa wanaonunua: kabla ya kusoma vipimo, angalia jirani yako ana nini. Jirani ndiye fundi wako wa kwanza.

Lingine ni langu binafsi. Uongo niliusema mbele ya watu, kwa hiyo na ukweli nausema mbele ya watu: driver alileta Hamisi.

Wa kijani na wa nyekundu, rudini kwenye ubishi wenu. Ila nani mwingine hapa alinunua kitu ili tu asifanane na rafiki yake? Tiririkeni, mimi sina haki ya kumcheka mtu.