Gia ya Pili Kuteremka Jali

Mume wangu aliikuta kamioni ile imetupwa nyuma ya ghala moja huko Gikondo, majani yameota hadi kwenye vitasa vya milango. Zamani ilikuwa ya shamba la kahawa. Ilikuwa kamioni fupi, kuukuu, lakini ilivuta kwa magurudumu yote manne, na hilo ndilo lililomtia wazimu mpaka akainunua. Sisi tulikuwa wachuuzi. Mimi nilishona nguo nyumbani kwetu Biryogo, mjini Kigali, naye akizipeleka, pamoja na chumvi na sabuni, kwenye masoko ya vilimani nyuma ya mlima Jali, ambako magari ya kawaida yalikwama mara tu mvua ilipoanza.

"Njia mbaya hazipo," alikuwa akiniambia. "Kuna magari mabaya tu."

Akahamia Gikondo, kama nilivyomtania. Alitoka asubuhi na kurudi jioni, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko, na kila siku alikuwa na habari mpya: leo rejeta iliyovuja imezibwa kwa risasi ya kuyeyusha, leo klachi imekubali, leo tumepata matairi ya meno makubwa. Niliizoea kamioni ile kama mke mwenza. Hata jina la ugonjwa wake nililijua: giaboksi yake ilikuwa imechakaa, na ikitikiswa sana gia ilichomoka yenyewe. Kwenye tambarare lilikuwa jambo la kuchekesha.

Shida iliyobaki ilikuwa kimo. Katika njia za mlimani ilikuwa ikikwaruza tumbo kwenye mawe. Basi yeye na fundi wake, mtu wa Bukavu, mnene, mcheshi, ambaye hakuacha kuimba nyimbo za kanisani hata akiwa chini ya gari, wakaamua kuiinua. Walichukua vyuma vya springi kutoka kwenye lori lililokufa, wakaviongeza chini ya kamioni yetu mpaka ikasimama juu kama ngamia.

Nilikwenda kuiona. Kwa kuwa kila mtu alikuwa akisifia urefu wake, mimi nilitandika gunia nikalala chini nikatazama tumbo lake. Kulikuwa na mpira mfupi uliopeleka mafuta ya breki kutoka kwenye fremu hadi magurudumu ya nyuma. Zamani ulikuwa ukining'inia umelegea. Sasa ulikuwa umekazwa kama kamba ya kuanikia nguo.

"Huu mbona umenyooka hivi?" niliuliza.

"Hiyo iko sawa, mama," fundi akasema. "Mupira ni mupira. Inavutika."

"Ikivutika zaidi?"

Mume wangu akainama kunitazama. "Mrefu kuliko huo haupatikani Kigali. Nimeuliza kila duka. Labda Bujumbura."

"Basi tungoje wa Bujumbura."

Alinitazama, akamtazama fundi, na nikajua kwamba nimesema maneno ya nyumbani mahali pasipo nyumbani. Nilinyanyuka nikajipangusa vumbi.

Lakini kulikuwa na harusi. Mzee mmoja wa kule nyuma ya Jali alikuwa ameniagiza nguo za binti yake, na siku ilikuwa imewadia. Nilisema nitazipeleka kwa miguu, kichwani. Mume wangu akacheka, akasema mke wa mtu mwenye kamioni hatembei. Nikapanda, kwa sababu gauni lilihitaji kupimwa mwilini mwa bibi harusi, na kwa sababu sikutaka aende peke yake.

Tulipita Nyabugogo, tukapanda Gatsata, kisha tukaiacha lami na kushika njia nyekundu iliyochimbwa na watu kwa majembe siku za umuganda, kazi ya pamoja ya kijiji. Lazima niseme ukweli: kamioni ilipanda vizuri ajabu. Mahali ambapo mwaka uliopita tulilala matopeni, ilipita bila kusita. Mume wangu alikuwa akitabasamu peke yake. Hata mimi nilianza kuona fahari, na kwa muda nikausahau mpira.

Gauni lilimkaa binti vizuri. Tulikunywa maziwa ya mgando, tukauza chumvi, sabuni nyingine ikabaki, tukapakia magunia ya viazi ya kuuza mjini. Tulianza kuteremka mchana, mvua imetoka kukatika. Upande wa kushoto, kwake yeye dereva, kulikuwa na ukuta wa udongo. Upande wangu wa kulia kulikuwa na bonde. Aliweka gia ya kwanza, akaiacha injini yenyewe iizuie kamioni. Tulikwenda mwendo wa mtu aliyebeba mtungi.

Mahali ambapo maji yalikuwa yameikata njia, gurudumu la nyuma likadumbukia. Nilisikia mlio mdogo chini ya sakafu, kama uzi mnene unaokatika. Kamioni ikapanda kutoka shimoni ikiyumba. Nilimwona akikanyaga breki, na goti lake likashuka mpaka mwisho. Akakanyaga tena, na tena.

"Nini?" nikauliza.

"Hakuna kitu."

"Breki?"

Kabla hajajibu tuligonga jiwe, na ile gia ikachomoka. Kelele za injini zikafifia ghafla, na utulivu ule ndio ulionitisha kuliko kitu chochote. Kamioni ikaanza kukimbia, magunia ya viazi yakiisukuma kwa nyuma.

Alivuta breki ya mkono kwa nguvu zake zote. Harufu ya kuungua ikajaa, mwendo ukapungua kidogo tu. Akakanyaga mafuta mpaka injini ikapiga yowe, akasukuma fimbo ya gia. Ya kwanza ikakataa, meno yakisagika. Akajaribu ya pili, ikaingia. Tulirushwa mbele, kamioni ikajivuta nyuma kama ng'ombe aliyekatwa mbio na kamba. Lakini ya pili ilikuwa nyepesi mno kwa mteremko ule. Tulikuwa bado tunakwenda kasi.

"Shika!" alipiga kelele.

"Nishike nini?"

"Gia! Mikono miwili! Usiiache!"

Nikapiga magoti sakafuni, nikaikumbatia fimbo ile, nikailalia kwa kifua. Ilitetemeka mikononi mwangu kama kuku anayejua anapopelekwa. Kila tulipogonga jiwe ilijaribu kuruka, nami nikairudisha. Sikuweza kuiona njia. Nilikuwa nikiona uso wa mume wangu tu, jasho likimtiririka puani, midomo ikisoma dua upesi upesi.

Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Nitaigonga ukutani. Jishikize." Na papo hapo, "La. Kuna watu."

Honi hatukuwa nayo. Alitoa kichwa dirishani akapiga kelele, "Muve mu nzira! Muve mu nzira!" akiwaambia watoke njiani. Walikuwa wanawake waliokuwa wakipanda na mizigo ya mtama vichwani, na walifanya ambalo mtu yeyote angelifanya: walikimbilia upande wa ukuta wakajibana pale, ukuta uleule aliotaka kuugonga.

Ikabaki nafasi kati yao na bonde. Akaishika nafasi hiyo. Nilihisi upande wangu ukizama, gurudumu la kulia likiukanyaga udongo mlaini wa ukingoni, na mwili wangu wote ukaelemea mlangoni. Sikuiacha gia. Nilisikia kikapu kikikwaruza ubavu wa kamioni, nikasikia mwanamke akiliitia jina la Mungu, kisha sauti zao zikawa nyuma yetu. Akakata usukani kushoto.

Udongo uliingia dirishani kama umemwagwa na koleo. Chuma kililia, tukaburuzwa, tukainama, injini ikazimika. Tukawa tumesimama.

Mlango wake ulikuwa umebanwa na ukuta. Miguu yake yote miwili ilikuwa bado imekanyaga chini, kama kwamba kulikuwa na kitu cha kukanyaga.

"Toka uweke jiwe," alisema bila kugeuza kichwa. "Taratibu. Usiutikise mlango."

Nilifungua upande wangu. Chini ya mguu wangu kulikuwa na njia kiasi cha unyayo, kisha vilele vya mikaratusi. Nilishika mbao za ubavuni nikasogea hatua kwa hatua. Nilipofika penye mawe nikaanza kusukuma moja. Wale wanawake ndio walionisaidia. Waliteremsha mizigo yao, wakayasukuma mawe makubwa hadi mbele ya magurudumu. Mmoja wao, mtu mzima, akamtazama mume wangu kupitia kioo cha mbele.

"Baba, ulitaka kutuua?"

"Hapana, mama," alisema. "Wallahi, hapana."

Alitoka kwa kupitia mlango wangu, akaingia chini. Mpira ulikuwa umekatika pale nilipouonyesha kwa kidole Gikondo. Alilikunja lile bomba la chuma lililokwenda nyuma, akaligonga kwa nyundo mpaka likajifunga, ili magurudumu ya mbele angalau yapate breki. Mafuta ya breki tuliyokuwa nayo hayakutosha. Akaomba sabuni. Nilikwangua mche wa sabuni kwa mkasi wangu wa kushonea, mwanamke mmoja akatugawia maji ya kibuyu chake, tukakoroga povu zito, akalimimina mahali pa mafuta. Pedali ikasimama katikati.

"Itashika?" nikauliza.

"Kidogo."

Viazi tuliviacha nyumbani kwa mmoja wa wale wanawake. Alipowasha injini sikupanda. Nilitembea kando ya gurudumu la mbele, upande wa ukuta, nimebeba gogo, tayari kulitupa. Hakunibembeleza nipande. Tuliteremka hivyo mpaka Gatsata, watoto wakitufuata na kucheka.

Penye lami alisimama, akaweka paji la uso juu ya usukani.

"Ningekuua," alisema.

Nilipanda, nikafunga mlango, nikamwambia, "Twende nyumbani."

Kesho yake fundi aliutazama ule mpira muda mrefu, na siku hiyo hakuimba. Waliondoa sehemu ya vile vyuma wakaishusha kamioni. Mume wangu akapanda basi kwenda Bujumbura, akarudi na mpira mrefu ameuzungushia shingoni kama tasbihi. Giaboksi nayo ilifunguliwa, jambo ambalo alikuwa akiliahirisha tangu mwanzo. Viazi tulivikuta salama.

Kiangazi kilipofika nilimwambia anifundishe kuendesha. Alidhani ninatania. Tulijifunzia kwenye miteremko ya Gisozi, naye alikuwa mwalimu mkali, mwenye kelele, na mara mbili nilishuka nikarudi nyumbani kwa miguu. Lakini nikajua kuendesha. Siku niliyoiteremsha Jali mwenyewe, yeye alikaa upande wa bonde, mkono mmoja ameshika mlango mpaka tulipofika lami. Hapo akaomba nisimame kidogo, anunue mahindi ya kuchoma.