Bafu la Kanga Mbili

Mimi mwizi namnusa kabla hajaiba, na wiki hii nilimnusa kwenye duka la vifaa vya ujenzi, Kaloleni. Mama mmoja wa Elerai alikuwa anakarabati bafu ili aweke choo cha kukalia, maana mama mkwe wake magoti yamegoma kuchuchumaa. Fundi aliyekuja naye akaagiza, "Marumaru za sakafu, boksi kumi."

"Kumi?" Mama akavua kanga aliyojitanda, akaitandaza chini pale pale dukani. "Bafu langu nimelipima kwa hii. Ni kanga mbili tu. Zipange juu yake tuone."

Fundi akapanga huku anahema. Boksi moja na vipande vichache, kanga ikajaa.

"Lakini mama, kanga huwa inanywea ikifuliwa."

"Basi nichukue tatu. Hela ya hizo saba ndiyo choo cha bibi."

"Na zikivunjika?"

"Nitakuja kununua mwenyewe. Wewe utanisubiri bafuni."

Tulicheka wote, isipokuwa fundi na mwenye duka. Msomaji, ukitaka kujua cha juu wanagawana akina nani, usihangaike kuuliza bei. Tazama nani kanuna wenzake wakicheka.