Ami Alitembea Peke Yake

Ami amekufa. Naandika hivyo, kavu, kwa sababu ndivyo nilivyoambiwa. Nilikuwa Magogoni nasubiri pantoni niende kumwona dada yangu Kigamboni, simu ikaita. Alikuwa jirani yetu wa duka la jumla, ambaye kama Wachaga wengi wenye maduka Kariakoo tunamwita Mangi. Hakusalimia. "Mwandishi, Ami amekufa. Tunazika baada ya adhuhuri. Rudi." Nikarudi. Mnaosoma safu hii mnajua kwamba sitaji watu majina, na leo sivunji desturi, maana hata ningetaka, jina lake halisi mtaani kwetu wachache walilijua. Alikuwa Ami tu, mzee mwenye asili ya Uarabuni, wa duka la kamba, ndoo na vikapu karibu na Msimbazi. Alizaliwa kwenye chumba cha nyuma ya duka hilohilo, na baba yake pia. Watu wamemwandikia maneno mazuri kwenye kundi la simu la mtaa. Mimi nilianza kuandika nikafuta, nikaanza tena nikafuta. Nilikuwa naona haya, na haya hiyo ndiyo nataka kuisema leo.

Kila mwaka tunafanya Siku ya Mtaa. Tunafunga barabara tangu asubuhi, wenye meza wanasogeza meza zao, na wakazi tunavaa kama watu wa zamani ili tuigize historia yetu mbele ya watoto wa shule na wageni. Wapo wanaoigiza mahamali wa vita vya Wazungu, wale ambao Kariakoo ilipata jina kwao. Wapo wauza samaki wa Kivukoni ya kale. Wapo wapigania uhuru, na nafasi hizo zinagombewa kama nyama ya mwisho kwenye sinia. Halafu kuna msafara, ambao ndio kila mtu anausubiri: watu wamefungwa kamba shingoni, mizigo kichwani, wanaswagwa kutoka juu ya mtaa hadi chini, kama walivyoswagwa wenzetu kutoka bara hadi pwani. Nakumbuka kikao cha kwanza kabisa cha kugawana nafasi, dukani kwa mwenyekiti wetu, mama mmoja muuza vitenge asiyejua kunong'ona. Mangi alitaka kuwa shujaa mwenye mkuki. "Wewe Mangi," mwenyekiti akamwambia, "mkuki huo utakuwa umeshauuza kabla ya saa sita!" Tukacheka mpaka machozi. Kisha akauliza, "Na mwenye msafara? Yule wa kiboko?" Kicheko kikakatika. Mwingine akatazama dari, mwingine simu. Halafu, bila mtu kusema neno, macho yakaanza kuhama, moja baada ya jingine, mpaka yote yakatua kwa Ami, aliyekuwa pembeni anatafuna kashata. Akatutazama, akameza, akacheka. "Haya, nimeelewa. Pua imenichagua." Tukacheka tena, safari hii kwa nafuu. Ndipo akasema, "Babu yangu alikuja hapa na magunia ya tende. Sijui kama aliwahi kumfunga mtu, na sitaapa kwamba hakuwahi. Lakini msafara hauendi bila mwenyewe. Lazima mtu alivae hilo joho. Nitalivaa." Tukampigia makofi, tukahamia kwenye suala la maturubai.

Na alilivaa kweli. Kamba za kufungia watu zilitoka dukani kwake. Alichagua za pamba, laini, akajizungushia shingoni mwenyewe kwanza kuona kama zinakwaruza. Siku yenyewe, akiwa na joho jeusi, kilemba na kiboko, aligeuka mtu mwingine. Sauti ile iliyozoea kutubembeleza tununue ndoo ilinguruma mtaa mzima. Watu walimzomea. Walimtupia maganda ya machungwa. Mwaka mmoja kijana fulani katika umati alipaza sauti, "Rudi kwenu!" na kwao kulikuwa hapohapo nyuma ya huyo kijana, kibao cha duka kikining'inia juu ya kichwa chake. Tulicheka. Nami nilicheka, nisijitie usafi. Baadaye barazani Ami akatoa ganda lililonasa kwenye kilemba, akalitazama. "Mwaka huu wamelenga vizuri. Mwakani watanitoa jicho." Mkewe, ambaye mwanzoni alikuwa akitoka kutazama na mashoga zake, aliacha. Siku ya Mtaa ikifika, dirisha lake la ghorofani lilifungwa tangu asubuhi, joto lote lile la Dar. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Sasa nije kwenye langu. Jioni moja tumekaa kwenye benchi la kahawa mbele ya duka lake, Ami akanigeukia. "Mwandishi, hebu niambie wewe uliyesoma. Msafara mzima, watu wote wale, unaswagwa na Mwarabu mmoja mwenye fimbo? Hata kuku huwezi kuwaswaga hivyo." Nikacheka. Yeye hakucheka. "Walikuwepo wanyapara. Walikuwepo walinzi, madalali, wakubwa waliouza watu wao wenyewe. Wako wapi katika mchezo wenu? Kila mwaka natembea peke yangu. Ubaya siukatai, lakini nipeni wenzangu." Akanitazama usoni, nami nikaanza kushughulika sana na kikombe changu. Maana Ami alikuwa anajua. Miaka mingi nyuma, kwenye benchi hilohilo, nilimsimulia aliyonisimulia bibi yangu: kwamba babu wa baba yangu alikuwa mnyapara wa misafara ile. Alitembea na fimbo, si na mzigo. Watu waliofungwa walikuwa wakimwogopa kuliko mwenye mali, kwa sababu aliijua lugha yao na kutukana alijua kwa lugha hiyo. Nilimsimulia Ami nikichekacheka, kama mtu anavyomsimulia babu aliyekuwa mwizi wa ng'ombe. Na bado kila mwaka, kwenye msafara, mimi nilikuwa nafungwa kamba. Mzigo wa magunia matupu kichwani, naguna, najikokota, akina mama wananionea huruma, "Maskini wee!" Nilikuwa naipenda sana ile huruma. Yaani mjukuu wa muuza tende anashika kiboko, na kitukuu wa mnyapara analilia utumwa. "Njoo utembee nami," Ami akasema. "Si lazima umpige mtu. Simama tu kando yangu." Nikamjibu, "Mwakani, inshallah." Mswahili yeyote anaijua inshallah ya namna ile.

Mwakani ikaja, nikasema mwakani tena. Mwaka jana nikakubali. Sijui kilichonipata, labda nilichoka kumkwepa macho. Alifurahi, wallahi, nilimwona alivyofurahi. Alininunulia kilemba kwa mkono wake na kunifunga mwenyewe dukani, huku akirudi nyuma kunitazama na kusogea tena kunirekebisha. "Umependeza, mnyapara." Tukaenda kusimama juu ya mtaa, yeye na mimi, bega kwa bega, watu wa kamba nyuma yetu. Ngoma ikalia. Hapo ndipo nikaona simu zilivyoinuliwa. Nikawaona wakwe zangu wamekaa chini ya turubai, mbele kabisa. Mwenyekiti akashika kipaza sauti, "Na sasa ndugu zangu, hawa ndio waliotuuza!" Hawa. Siku zote alikuwa anasema "huyu". "Ami, nakuja," nikasema, "naenda kujisaidia mara moja." Nikaingia mitini. Nyuma ya meza ya mitumba nikavua kilemba, nikakitelekeza palepale, nikazunguka na kwenda kujipachika mwisho wa kamba. Mangi, aliyekuwa amefungwa mbele yangu kwa kukosa nafasi ya ushujaa, akageuka. "We, si ulikuwa bosi leo?" Nikamwambia, "Nyamaza, nifunge." Kwenye kona Ami akatazama nyuma kunitafuta. Akaniona. Nimejaribu kuusahau ule uso na nimeshindwa, kwa sababu haukuwa na hasira. Akageuka mbele, akainua kiboko, akanguruma, "Twendeni!" na kutembea kama alivyotembea miaka yote, peke yake, maganda yakimwangukia. Jioni alinisogezea kikombe cha kahawa. "Jua lilikuwa kali leo, ee?" "Kali, Ami." Basi. Hakuniomba tena.

Tangu azikwe najiuliza ni historia gani tuliyokuwa tunaisherehekea. Katika mtaa wetu kila mtu ametokana na shujaa au aliyeonewa. Hakuna aliyetokana na dalali. Hakuna ambaye babu yake alishika ncha ya pili ya kamba. Kwa hesabu yetu ubaya ulishuka melini, ukafanya kazi yake wenyewe bila msaidizi, ukaondoka, na ukamwacha mmoja tu atuuzie ndoo. Na si siku moja kwa mwaka tu. Ghorofa jipya likipata ufa, fundi alikuwa mgeni. Mtoto akiharibika, kaharibiwa na marafiki. Nyumba ya kale ya mtaa ikivunjwa, sisi tuliouza kiwanja tunasimama kando tunasikitika pamoja na wapita njia. Nyani haoni kundule, wazee walisema, lakini sisi tumemzidi nyani: tumemwajiri jirani abebe letu. Pilau tunajua kugawana mpaka ukoko. Aibu hatugawani, tunaitafutia mwenyewe, na ikiwezekana awe na pua tofauti na zetu.

Mazishini ndipo nilipoumbuka. Aliyewahi kuzika nasi anajua kwamba jeneza halina foleni. Watu wanasukumana kutafuta thawabu, mmoja anaweka bega, anakwenda hatua chache, mwingine anampokea, na jeneza linakwenda kasi juu ya vichwa kama halina mtu ndani. Tulimtoa Ami dukani kwake na kumpitisha kwenye mtaa uleule, njia ileile ya msafara, kutoka juu hadi chini. Na wote walikuwepo. Waliomtupia maganda walikuwepo. Mangi, Mkristo wa watu, alikuwa na tai shingoni na jasho linamtiririka, anang'ang'ania mti wa jeneza hataki kupokewa. Nami nikapenya, nikapata bega, na kabla sijatulia mtu akanivuta, "Tupishe na sisi, mzee!" Nikabaki nimesimama katikati ya barabara. Mtaa mzima ulikuwa unagombea kutembea na Ami. Nikalia kwa sauti, mtu mzima mimi. Watu wakanishika mabega wakaniambia nijikaze, kazi ya Mungu haina makosa. Walidhani ni uchungu wa kufiwa.

Siku ya kuondoa tanga, baada ya hitima, mwenyekiti wetu aliona atumie nafasi hiyo maana tulikuwa tumekusanyika. "Siku ya Mtaa inakaribia," akasema, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akinong'ona. "Joho la marehemu atalivaa nani?" Mmoja akatazama dari. Mwingine akatoa simu. Halafu nikayaona macho yanaanza kuhama, polepole, kama siku ile, kuelekea kwa kijana aliyekuwa mlangoni anapokea wageni. Ni mtoto wa Ami. Ana pua ya baba yake. Yeye hakuwa na habari, alikuwa anakuja upande wangu na mfuko mkononi. "Shikamoo. Mama yuko eda, hawezi kutoka, amesema nikupe hiki." Ndani ya mfuko kulikuwa na kilemba changu, kile nilichokitelekeza nyuma ya meza ya mitumba, kimefuliwa na kupigwa pasi. "Anasema baba alikiokota siku ileile. Mama alitaka kukitupa, baba akamkataza. Akasema mwenyewe atakirudia."

Ningependa kuwaambia kwamba nilisimama hapohapo nikasema linalopasa kusemwa. Sikusimama. Nilikumbatia mfuko, kikao kikaisha bila jibu. Kwa hiyo nalisema hapa, gazetini, ambapo wakwe zangu wanasoma na mwenyekiti anasoma, ili nisipate tena meza ya kujificha nyuma yake. Babu wa baba yangu alikuwa mnyapara. Aliwaswaga watu waliofungwa, akala malipo yake, na mimi ni uzao wake. Mwaka huu nitatembea mbele ya msafara nikiwa na kilemba hiki, na maganda yaje. Kijana wa Ami asivae joho. Akae barazani kwao na atazame kama watu wengine, na dirisha la mama yake, Mungu akipenda, liwe wazi. Anayetaka kuja kusimama kando yangu, aje; nafasi zipo tele, maana wanyapara walikuwa wengi. Jeneza tunapokezana kwa sababu tunajua ni zito kwa mtu mmoja. Aibu nayo ni vivyo hivyo, ila hiyo mtu hupokewa angali hai. Ami hatukumpokea.