Risaga Haina Bosi

Priscilla alirudi kutoka sokoni Ntimaru na sukari ya uji, akakuta wenzake hawapo. Siku hiyo zamu ilikuwa yake. Wanawake wa risaga, wanaolimiana leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, walipaswa kuwa katikati ya mahindi yake wakipalilia na kusengenya. Badala yao palikuwa na vijana asiowajua, na mumewe Gisiri kasimama kati yao na mabuti mapya ya mpira, akionyesha kwa kidole pa kulima.

"Wenzangu wako wapi?"

"Nimewaruhusu waende, Mama Byron. Kila mmoja nimempa bahasha. Hawa watamaliza kabla ya saa sita, na wewe hutainama tena kwenye mashamba ya watu."

Gisiri alikuwa mkurugenzi wa kampuni ya bima Nairobi. Alipostaafu alirudi nyumbani, akawa ananyoa ndevu kila asubuhi na kukaa sebuleni akingoja simu isiyolia. Ndipo rafiki yake akampeleka kwenye semina ya mabosi wastaafu, katika hoteli moja ya Homa Bay, walikofundishwa kutafuta kusudi jipya la maisha. Alirudi amechangamka. "Nimelipata," alisema. "Ni hili shamba." Priscilla alimhurumia, akamwacha aseme.

Sasa huruma ilimwisha.

Kabla hajafungua mdomo, Emmaculate, kiongozi wa risaga, aliingia getini na bahasha zote mkononi. Alizitupa miguuni pa Gisiri.

"Shemeji, sisi si vibarua wako." Kisha akamgeukia Priscilla. "Na wewe, mke wa bosi, Jumatano ni kwangu. Usijisumbue kuja. Mtaajiri."

Aliondoka bila kuaga. Priscilla alihisi kama amefiwa. Uchungu wa Byron ulipomshika usiku wa mvua, wanawake hao ndio waliombeba kitandani hadi barabarani. Gisiri alikuwa mkutanoni Mombasa. Upepo ulipong'oa mabati, wao walikuja. Mama yake Gisiri alipozikwa, yeye alifika na magari asubuhi, jioni akaondoka. Nani alichota maji? Nani alilala na wafiwa?

"Nilitaka upumzike," Gisiri alisema.

"Nani alikuambia nimechoka nao? Nimechoka na wewe, na hata mwaka hujamaliza hapa!"

"Mama Byron, vijana wanasikia."

"Wasikie! Umeenda hotelini kutafuta maisha yako, ukaja kuyachukua yangu! Hili shamba lilikuwa na mwenyewe, Gisiri. Huoni?"

Hakuwahi kumwita kwa jina mbele ya watu. Gisiri aliinama, akaanza kuokota bahasha.

Jumatano Priscilla alifika kwa Emmaculate na majembe mawili, mumewe nyuma yake. Wanawake wakaacha kulima.

"Umetuletea mkaguzi?" Emmaculate aliuliza, na wengine wakacheka bila furaha.

"Nimemleta aliyewafukuza. Mpeni mstari."

Emmaculate alimtazama Gisiri kuanzia mabuti hadi kofia. "Hapa hakuna bahasha, shemeji. Na hakuna bosi."

"Nimeelewa."

"Bado. Utaelewa mgongo ukiuma."

Wakampa mstari mrefu, wenye magugu ya sangari. Hakufika mbali. Alisimama, akajipangusa jasho. "Mnaonaje, kama tungegawana sehemu, kila mtu na..."

"Inama," Priscilla alisema.

Akainama.

Uji ulipoletwa, wanawake waliketi kwenye nyasi. Emmaculate alijaza kibuyu, akakishika kitambo, kisha akamsogezea Priscilla. "Kunywa, Mama Byron. Jumamosi tutakuja kurudia kazi ya vijana wenu. Wameacha mizizi."

Priscilla alikipokea kwa mikono miwili. Gisiri alikuja akichechemea, akanyoosha mkono.

"Mstari wako umeisha?" Priscilla aliuliza.

"Bado kidogo."

Priscilla alikunywa uji wote mbele yake, akarudisha kibuyu kitupu kwa Emmaculate. "Basi nenda umalize," alisema.