Chupa Yenye Picha ya Dume

Mwaka 1955, nikiwa na miaka ishirini, shida ilianza. Ng'ombe wa baba walikufa wote kwa ugonjwa, zizi likabaki samadi kavu. Nikaja Mwanza na mke wangu mwenye mimba, tukapanga chumba Mirongo, nikawa nabeba marobota ya pamba bandarini. Shule nilikaa mwaka mmoja na nusu; nilitoka najua kuandika jina langu, basi. Sioni aibu. Walionizidi kusoma nimewazika wengi.

Mke alijifungua salama, lakini damu haikurudi. Viganja vyake vilikuwa vyeupe kama unga wa udaga, ule wa muhogo. Akisimama, anashika ukuta. Maziwa ya mtoto yakapungua. Akina mama wa pale uani wakasema anataka dawa ya nguvu ya dukani, yenye vitamini. Neno hilo sikuwahi kulisikia.

Nikaenda dukani. Chupa zimejaa ukuta mzima. Mwenye duka akauliza, "Ipi?" Kumwambia sijui kusoma? Hata kwa fimbo. Nikatazama picha. Chupa moja ina mwanamke mwembamba anacheka. Sikuitaka, wangu alikuwa mwembamba tayari. Nyingine ina dume la ng'ombe, nundu imesimama, ngozi inang'aa. Mimi ni Msukuma. Ukiniwekea dume na mwanamke anayecheka, najua nguvu iko wapi.

"Hiyo."

"Unao wangapi?"

"Mmoja. Kazaa juzi."

"Mpe asubuhi na jioni."

Msinicheke. Leo wajukuu wananiletea makopo yenye picha ya kijana aliyevimba misuli. Wamefika chuo kikuu, na bado wananunua dume.

Nyumbani mke akanusa. "Hii inanuka zizi."

"Kunywa."

"Sinywi. Nitainywa mbele ya dresa akiniambia ninywe."

Alikuwa mbishi, na ubishi wake ndio uliomponya. Asubuhi tukaenda zahanati. Dresa, yule mfunga vidonda na mgawa dawa, akasoma chupa, akaiweka mezani, akacheka hadi akavua miwani. "Ndugu yangu, hii ni dawa ya ng'ombe!" Benchi zima likaangua kicheko. Mwanamume mmoja akadakia, "Shemeji, usisahau kumvisha kengele!"

Mke wangu aliinamisha kichwa. Mimi sikuinamisha.

"Mmemaliza kucheka?" nikamwambia dresa. "Sasa nisomee."

"Nikusomee nini?"

"Dawa utakayompa wewe. Yote, mpaka maandishi madogo ya chini."

Akanitazama. Nilikuwa nimeziba mlango, na mabega ya marobota mnayajua. Akasoma: ina nini ndani, ni ya nani, vidonge vingapi kwa siku, na kwamba ukizidisha inadhuru. Kisha akasema, "Na vidonge peke yake havitoshi. Ale maini, mboga za majani, dagaa."

"Hilo umelisoma wapi?"

"Halijaandikwa. Mwenye kuuza vidonge hauzi mchicha."

Hapo nikamheshimu.

Mwezi wa pili wa vidonge mke wangu alibeba ndoo ya maji mwenyewe, akanitukana kwa kuchelewa, nikajua damu imerudi. Tangu siku hiyo kila duka niliingia na neno moja: nisomee. Aliyeona uvivu kunisomea, sikununua kwake. Walinicheka tena. Nikamfuata dresa yule yule, nikamwambia ulinicheka, sasa nifundishe. Akanifundisha, Jumapili baada ya kanisa, miaka miwili.

Mwaka wa Uhuru watu walikuwa wanaimba barabarani. Mimi nilisimama dukani, kidole juu ya karatasi ya chupa, nikasoma herufi kwa herufi mpaka mwisho. Mwenye duka alitaka kufunga akacheze. Nikamwambia asubiri. Alisubiri.

Mke wangu yupo, anakula kuliko mimi. Yeye simhesabu kwenye mali. Anasema mali yenyewe ni yake. Haya, mimi niliyeachiwa zizi la samadi kavu, niliyonayo leo: nyumba ya matofali Buhongwa, vyumba sita. Ng'ombe kumi na wanne. Majaruba mawili ya mpunga. Baiskeli mbili, moja haina mnyororo. Redio. Meno tisa.